Vumbi la Kiwanda Kilichofungwa: Maswali ya Kuuliza Kabla Mtoto Hajacheza Hapo

  Leo nazungumza na akina mama, akina nyanya wanaolea wajukuu, na kila mlezi anayetusikiliza, kuanzia Machakos mjini hadi Athi River, Kangundo, Matuu, Mwala na Masinga. Kama unachambua maharagwe au unanyonyesha, endelea na kazi yako, lakini utupe sikio.

Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya malaria, kuhara, chanjo na lishe. Hayo ni mambo ambayo mama huyaona kwa macho. Mtoto akishikwa na homa usiku, asubuhi umeshafika kliniki. Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho hakimpi mtoto homa, hakina harufu, na hakimzuii kucheza wala kula. Madhara yake huchukua miaka 20, 30 au hata 40 kabla ya kuonekana. Kitu hicho ni vumbi la asbesto.

Katika kaunti yetu kuna viwanda vinavyofanya kazi, na kuna vingine vilivyofungwa zamani. Kuna mabohari matupu, karakana zilizoachwa, na nyumba za wafanyakazi ambazo paa zake zimepasuka. Mahali kama hapo watoto hupapenda sana. Hucheza kalongolongo na kujifichaficha. Watu wazima nao huenda kuokota matofali, mbao, mabomba na kokoto ya kutandaza uani wakati wa matope. Basi swali letu la leo ni hili: tutajuaje kama mahali hapo pana asbesto, na tufanye nini tunaposubiri jibu?

Asbesto ni nini?

Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini. Mawe mengi ukiyasaga hugeuka unga. Asbesto haigeuki unga, bali hupasuka kuwa nyuzi nyembamba, na kila uzi hupasuka tena kuwa nyuzi nyembamba zaidi, mpaka macho hayawezi kuziona. Nyuzi hizo haziungui kwa moto, haziozi, na haziliwi na kutu. Kwa sababu hiyo watu wa viwanda waliipenda. Walichanganya asbesto na simiti wakatengeneza mabati ya kijivu yenye mawimbi, dari, matangi na mabomba ya maji. Walifunikia boila na mabomba ya mvuke ili joto lisipotee. Waliitia pia kwenye breki za magari.

Nyuzi zikiwa zimeshikwa ndani ya simiti nzima, hazina nafasi ya kupeperuka. Shida huanza simiti inapokatwa kwa msumeno, inapotobolewa, inapovunjwa kwa nyundo, inaposuguliwa, au inapochakaa yenyewe kwa jua na mvua. Hapo nyuzi huingia hewani na mtu huzivuta bila kujua. Kikohozi hakiwezi kuzitoa zote, na mapafu hayawezi kuziyeyusha. Zile zinazobaki hukaa humo miaka na miaka.

Magonjwa yanayotokana nazo ni mazito. La kwanza huitwa asbestosisi. Hapo mapafu hujaa makovu, yanakuwa magumu, na mtu hukosa pumzi hata akipanda ngazi chache. La pili ni saratani ya mapafu. La tatu huitwa mesothelioma, yaani saratani ya ule utando unaofunika mapafu au tumbo kwa ndani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na kwamba zaidi ya watu 200,000 duniani hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Vamikulaiti nayo?

Sasa nije kwenye jina jingine ambalo huenda hujalisikia, ingawa kitu chenyewe huenda kiko nyumbani kwako. Vamikulaiti ni mawe yenye magamba madogo yanayong'aa. Ukiyatia kwenye moto mkali yanavimba na kufutuka kama bisi, yanakuwa mepesi sana na kuzuia joto lisipite. Huku kwetu Ukambani yako katika kilima cha Kinyiki, upande wa Mtito Andei. Wakulima hutumia vamikulaiti kwenye vitalu vya miche kwa sababu inashika maji. Na mafundi wa jua kali wamekuwa wakiichanganya na simiti ili kushikiza kile chungu cha udongo ndani ya jiko la makaa.

Tuelewane hapa. Vamikulaiti yenyewe si asbesto. Lakini katika baadhi ya machimbo, mawe haya mawili hulala pamoja ardhini, na anayechimba moja huchimba na lingine. Kwa hiyo haifai kusema kwamba kila vamikulaiti ina sumu, wala haifai kusema kwamba yote ni salama. Ni lazima kuuliza ilitoka machimbo gani, na kama ilipimwa.

Yaliyotokea Marekani

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa mji mdogo wa Libby, katika jimbo la Montana nchini Marekani. Hapo palikuwa na mgodi mkubwa wa vamikulaiti uliofanya kazi kwa karibu miaka 70 mpaka ukafungwa mwaka 1990. Vamikulaiti ya Libby ilikuwa imechanganyika na asbesto. Wachimbaji waliugua. Lakini hawakuugua peke yao. Wake zao waliugua, na watoto wao pia waliugua, kwa sababu vumbi lilifika nyumbani kwenye nguo, na mabaki ya mgodi yalitumika katika bustani na viwanja vya michezo. Jambo hili lilitangazwa sana magazetini mwaka 1999. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba hali ya Libby ni dharura ya afya ya umma.

Lakini vamikulaiti haikubaki Libby. Ilisafirishwa kwa treni hadi viwanda zaidi ya 200 katika miji mingine, ili ifutuliwe kwa moto na kuuzwa. Kimoja kilikuwa katika mji wa Minneapolis. Kilifanya kazi tangu mwaka 1938 hadi 1989, katikati ya makazi ya watu. Mabaki ya mawe yalirundikwa nje ya kiwanda, na majirani wakaambiwa wachukue bure. Wakachukua. Wakatandaza kwenye njia za nyumba zao na kwenye bustani. Watoto walipanda juu ya marundo hayo wakateleza na kucheka, kama watoto wetu wanavyocheza kwenye mchanga wa mjengo. Miaka mingi baadaye serikali ilibidi ipite nyumba kwa nyumba, ikapima udongo na kuuondoa katika zaidi ya viwanja 200.

Nimeeleza haya kwa sababu yana somo kwetu. Wale majirani hawakuwa wazembe. Walipewa kitu cha bure, wakashukuru. Hakuna aliyewaambia waulize swali.

Wataalamu hupimaje kiwanda cha zamani?

Baada ya habari za Libby, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia sumu na magonjwa ilianza kuchunguza vile viwanda vya zamani, ikianza na 28. Iligundua jambo la maana. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale waliofanya kazi humo, kisha watu wa nyumbani kwao. Katika sehemu nyingi, mtu aliyehamia karibu na kiwanda baada ya kufungwa na kusafishwa hakuwa hatarini kama wale wa kwanza. Lakini pale mabaki yalipoachwa, hatari nayo ilibaki.

Ninayataja haya ili mama asiishi kwa hofu. Kupita karibu na kiwanda cha zamani ukienda sokoni si sawa na kufanya kazi humo miaka 20. Wakati huohuo, kiwanda kufungwa lango hakumaanishi kwamba hatari imefungwa pamoja nalo.

Nimeyapanga mambo wanayoyatafuta wataalamu katika maswali manne. Mama yeyote anaweza kuyauliza, awe amesoma au hajasoma.

Swali la kwanza: Je, asbesto ilikuwepo? Hapa wenye majibu mara nyingi ni wazee wetu. Tafuta mzee aliyefanya kazi kiwandani hapo. Muulize kilitengeneza nini. Magunia yaliandikwa nini, na yalitoka nchi gani? Boila na mabomba yalifunikwa kwa kitu gani? Paa ni la bati la chuma au ni lile la simiti la kijivu? Majengo mengi yaliyojengwa zamani, kabla ya miaka ya 1990, yalitumia asbesto. Lakini usiseme kwa uhakika kwa kuangalia tu. Anayeweza kuthibitisha ni mtaalamu wa maabara mwenye darubini, akipewa kipande kilichochukuliwa kwa utaratibu.

Swali la pili: Je, bado ipo, na iko katika hali gani? Paa zima lisilo na nyufa si sawa na paa lililoanguka na kukanyagwa na ng'ombe. Angalia ukiwa mbali. Kuna vipande vilivyotapakaa? Kuna kitu kama pamba chafu au plasta inayobanduka kwenye mabomba? Kuna rundo la mabaki lisilofunikwa?

Swali la tatu: Je, kuna njia ya kuifikisha kwa watu? Sumu iliyofungwa mahali ambapo hakuna anayefika haimdhuru mtu. Hatari inahitaji njia. Je, ua umebomoka na watoto hupita? Je, kuna watu wanaovunja majengo kutafuta chuma cha kuuza? Je, upepo wa kiangazi unapuliza vumbi hilo kuelekea shule au soko? Je, kuna waliobeba kokoto au mabati hayo hadi nyumbani?

Swali la nne: Ni nani aliyefikiwa, na kwa muda gani? Mtoto aliyeingia mara moja kufuata mpira hayuko katika hali sawa na mtoto anayecheza hapo kila jioni kwa miaka. Kadiri mtu anavyovuta vumbi kwa wingi na kwa muda mrefu, ndivyo hatari inavyoongezeka. Na mtoto ana jambo lake. Yeye hucheza chini, karibu na vumbi, na ana miaka mingi mbele yake. Ugonjwa unaochukua miaka 40 kutokea unaweza usimpate nyanya ya miaka 70. Mtoto wa miaka 5 utampata akiwa na miaka 45, naye ana familia inayomtegemea.

Ukishapata majibu, yapeleke wapi?

Usiende kuchukua sampuli mwenyewe. Usivunje kipande ukatie kwenye karatasi ya nailoni upeleke kwa daktari. Kuvunja huko ndiko kunakotoa nyuzi. Peleka habari, na kazi ya kupima uwaachie wenye vifaa.

Anza na mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako, au nenda moja kwa moja kwa afisa wa afya ya umma. Mjulishe chifu au naibu wake, ili kijiji kizima kijue. Ofisi ya NEMA, ile mamlaka ya kitaifa ya mazingira, iko katika kaunti na inapokea malalamiko. Na kama ni mahali ambapo watu bado wanafanya kazi, kuna idara ya serikali inayosimamia usalama na afya kazini. Andikeni barua, hata ya mkono, mwekeni nakala, na mkiweza mtie sahihi mkiwa wengi kama kikundi cha akina mama au kamati ya shule. Barua ya watu 30 haipotei kwa urahisi.

Sheria iko upande wenu. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto katika orodha ya taka hatari. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Msiseme kwamba sauti ya mama haifiki mbali. Kule Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ili kupata madini ya risasi. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Alianza kuuliza maswali, akaungana na majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ilipanda na kushuka, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa wakazi ushindi.

Lakini kuna tofauti moja. Risasi hupimwa kwenye damu, na mtoto anaweza kuonekana mapema. Asbesto haina kipimo cha damu kinachoweza kumwambia mama leo kama mtoto wake amevuta nyuzi. Kwa hiyo kwa asbesto hatuwezi kungoja vipimo vya watoto. Tunapima mahali, na tunamwondoa mtoto mahali hapo mapema.

Nguo za kazi

Mama, hapa unisikilize kwa makini zaidi. Mwaka 1965 watafiti wawili wa London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa mesothelioma. Wengi walikuwa wamefanya kazi na asbesto. Lakini 9 hawakuwahi kufanya kazi hiyo. Walikuwa tu wakiishi nyumba moja na mfanyakazi, na hadithi iliyojitokeza zaidi ilikuwa ya mke aliyefua nguo za kazi za mumewe. Wengine 11 hawakufanya kazi hiyo wala hawakuishi na mfanyakazi. Walikuwa wameishi chini ya kilomita moja kutoka kiwanda cha asbesto.

Kwa hiyo, kama baba au kijana wako anafanya kibarua cha kubomoa majengo ya zamani, kuondoa paa kuukuu, au kutengeneza breki, mwambie mambo haya bila ugomvi. Avue nguo za kazi hukohuko kazini, na aoge hukohuko ikiwezekana. Asimbebe mtoto kabla ya kuoga. Nguo zisikung'utwe mlangoni wala kupigwa ukutani. Ziloweshwe kwa maji kabla ya kuguswaguswa, zifuliwe kwenye karai lake, mbali na nepi na nguo za watoto. Maji hayo yamwagwe chooni, yasimwagwe uani yakakauka na kuwa vumbi tena. Lililo bora zaidi ni mwajiri atoe nguo za kazi na azifue mwenyewe. Hilo mfanyakazi ana haki ya kuliuliza.

Mama anayenyonyesha, usiogope. Asbesto huingia kwa njia ya hewa. Endelea kumnyonyesha mtoto wako kama kawaida.

Maswali ambayo watu huuliza

Nyumba yetu ina paa la asbesto. Tuhame leo?
Hapana. Kama paa ni zima, haliko katika hali ya kuwadhuru kwa ghafula. Usitoboe, usikate, usipande juu, na usilisugue kwa brashi kuondoa ukungu. Kipande kikianguka, wapeleke watoto mbali, kilowesheni maji, mkifunge ndani ya nailoni nzito mara mbili, halafu mumwite afisa wa afya ya umma. Pasipofagiwa pakavu. Panguswe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kifungwe pamoja na kipande. Kuondoa paa zima si kazi ya fundi yeyote wa mtaani. NEMA ina mwongozo wa kitaifa juu ya jambo hili, na kazi hufanywa na watu wenye leseni, paa likiwa limeloweshwa, na taka huzikwa mahali palipoidhinishwa. Msiyatumie tena mabati hayo kujengea banda la kuku, wala kuziba ua, wala kutengeneza daraja la mtaro.

Tunakinga maji ya mvua kutoka paa hilo. Je?
Huku kwetu maji ni shida, nami najua huwezi kumwaga tangi zima kwa neno la redioni. Hatari iliyothibitishwa ni ya kuvuta nyuzi kwa pumzi. Kuhusu kunywa, WHO haijaona ushahidi thabiti kwamba asbesto iliyo ndani ya maji huleta madhara. Hata hivyo, ukiwa na nafasi, kinga maji kutoka paa la mabati ya chuma. Na unapoosha tangi, matope ya chini usiyaache yakauke ukayafagia. Yaondoe yakiwa bado na maji.

Jiko langu je, lile la chungu ndani?
Usilitupe. Jiko zima lililokwisha kutengenezwa limeshika vitu vyake kwa simiti. Kwa mtoto wako hatari kubwa zaidi ya jiko hilo ni moshi, kuungua, na hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Pikia mahali penye hewa, na usilale na jiko la makaa ndani. Jiko likivunjika, usiwaachie watoto walisage kuwa unga wa kuchezea. Na kama kuna karakana ya majiko karibu nawe, mashauri ni yaleyale: wanaochanganya simiti na vamikulaiti waloweshe kwanza, wafunike pua na mdomo, na watoto wasikae hapo.

Nimpeleke mtoto akapigwe picha ya kifua?
Kama mtoto ni mzima, hapana. Picha ya eksirei haiwezi kuonyesha nyuzi, na ugonjwa wenyewe hauonekani utotoni. Lakini mtu mzima aliyefanya kazi miaka mingi kwenye vumbi hilo, akianza kukosa pumzi, akiwa na kikohozi kikavu kisichoisha, au maumivu ya kifua, aende hospitali na amwambie daktari wazi: nilifanya kazi fulani, mahali fulani, miaka hii hadi hii. Daktari asipoambiwa, hawezi kuwaza hilo. Pia usichukue kila kikohozi ukakiita asbesto. Kifua kikuu bado kipo kwetu, kinapimwa, na kinatibika. Kipimwe kwanza.

Mzee wangu alifanya kazi kiwandani zamani. Afanye nini sasa?
Kama anavuta sigara, aache. Sigara na asbesto zikikutana katika mapafu ya mtu mmoja, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka mara nyingi kuliko kila moja ikiwa peke yake. Kuacha husaidia hata kama miaka imepita. Na aandike mahali alipofanya kazi na miaka yake. Karatasi hiyo itamfaa daktari, na itawafaa pia wanaochunguza kiwanda.

Mambo ya kukumbuka

Kabla sijawaaga, nayarudia kwa ufupi ili hata aliyechelewa ayapate.

Moja. Hatari ya asbesto ni vumbi lake. Usivunje, usikate, usifagie pakavu.

Mbili. Kiwanda kilichofungwa hakihukumiwi kwa uvumi wala kwa macho. Uliza maswali manne: Ilikuwepo? Bado ipo, na katika hali gani? Kuna njia ya kuwafikia watu? Nani amefikiwa, na kwa muda gani?

Tatu. Wakati jibu halijapatikana, watoto wasicheze hapo. Ua ukiwa umebomoka, uzibeni kwa miiba kama mnavyoziba boma la mbuzi, na mwambie mwalimu mkuu awatangazie wanafunzi.

Nne. Usichukue kokoto, mabaki wala mabati ya kiwanda usichokijua, hata ukipewa bure.

Tano. Nguo za kazi zenye vumbi zisikung'utwe, na zisifuliwe pamoja na za watoto.

Sita. Peleka habari kwa afisa wa afya ya umma na NEMA, kwa barua, mkiwa wengi.

Mama, kesho asubuhi watoto watatoka tena kwenda kucheza. Jioni ya leo, mnapongoja ugali uive, waulize wanachezea wapi. Wakikutajia mahali ambapo hujawahi kufika, fika ukapaone, ukiwa nje ya ua. Kisha mtafute yule mzee anayepajua, umuulize yale maswali manne.

 Mwambie na jirani ambaye redio yake haina betri.